Kwa mnaoanza kwenye ploti za majaribio ya malisho

Karibuni kanda ya kati. Msimu wangu wa kwanza nilijiona fundi. Katika mistari (aina zinazojaribiwa) ya mtama wa malisho niliyokabidhiwa, mmoja ulinipita kimo mapema Machi, majani mapana, hauna hata doa. Nikaandika daftarini: "Mzuri, hauugui." Mwaka uliofuata mvua ikakatika Februari, kama kawaida yake Dodoma, na ule mstari ukajikunja majani hadi ukaungua. Uliokuwa wa nne kwa uzito ukabaki wa nne. Huo ndio tulioendelea nao.

Na ile "hauugui" ndiyo aibu kubwa zaidi. Ploti ilikuwa mbali na mabua ya mwaka uliotangulia, na chule, ugonjwa wa madoa unaobaki kwenye mabua hayo, haukufika. Mmea ulikuwa na bahati tu. Siku hizi kila baada ya ploti chache napanda mstari wa aina inayojulikana kuugua vibaya. Huo nao ukibaki safi, usihangaike kutoa alama za ugonjwa. Mwaka huo hujapima kitu.

Kwenye mizani ndipo vijana mnaponiudhi. Ukikata ploti ya kwanza saa moja asubuhi na umande wake, na ya mwisho saa sita jua likiwaka, umepima maji. Maliza rudio zima (seti moja kamili ya ploti za aina zote) ndipo ushike jingine. Acha mimea ya ukingoni, inapata mwanga na nafasi ya ziada. Sampuli itie kwenye mfuko wa kaki, kausha kwenye oveni nyuzi joto 65 mpaka uzito uache kushuka. Na andika kwa penseli! Nimewahi kubaki na mifuko 40 isiyo na majina, wino umeondoka na umande.

Wapenda kuchavusha wataulizia Cenchrus ciliaris. Ni nyasi ya hapa hapa: aina ya Biloela wanayolishia ng'ombe Australia ilitokana na mbegu ya Dodoma. Lakini mbegu zake kwa sehemu kubwa hutunga bila kurutubishwa, watoto ni mama mtupu, kwa hiyo chavua yako itapotea bure. Kazi ni kutembea, Kongwa hadi Manyoni, kukusanya na kulinganisha. Na kwa kuwa shamba zima ni mmea mmoja, ugonjwa ukiuweza mmoja umeiweza yote. Wape wafugaji aina kadhaa.

Halafu muulizeni mwenye ng'ombe. Mstari wangu mmoja ulikuwa na takwimu safi za miaka 3. Mama mmoja wa Chamwino akavunja bua, akalitazama, akasema ng'ombe wake watakula majani, yeye wamwachie kuni.