Siku moja Alsace: chagua vituo vitatu tu

Septemba mwaka juzi, mimi na mke wangu tulikodi gari Strasbourg, mji wa Alsace, mashariki mwa Ufaransa, tukiwa tumeazimia kuimaliza Njia ya Mvinyo ya Alsace kwa siku moja. Njia hiyo, iliyofunguliwa 1953, ina kilomita kama 170 kutoka Marlenheim hadi Thann, ikipita chini ya milima ya Vosges. Kufika saa nane mchana tulikuwa tumepita vijiji sita, na picha za kijiji hiki siwezi kuzitofautisha na za kile. Njaa ilipotubana tukakuta jiko limefungwa. Kule mikahawa mingi huandaa chakula cha mchana kuanzia saa sita hadi saa nane, basi. Tukala mkate mkavu garini.

Mwaka jana tulirudi na vituo vitatu tu: vijiji vya Eguisheim na Riquewihr, na ngome ya Haut-Koenigsbourg. Nakushauri ufanye hivyohivyo.

Fika Eguisheim kabla ya saa tatu asubuhi, mabasi ya watalii hayajaingia. Acha gari nje ya kijiji, maana vichochoro vyake vimejizungusha duara kama mkeka wa mviringo. Ukivifuata unarudi ulikoanzia. Nyumba ni za nguzo za mbao, zimepakwa rangi za kupendeza. Ukutani mahali pamoja lipu ilikuwa imebanduka, na ndani zikaonekana fito zilizokandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Mke wangu akaweka kiganja pale, akasema, “Hii si nyumba ya bibi kabisa?” Tulisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote kijijini.

Barabarani jihadhari na magari yanayotokea kulia. Mahali pasipo na alama, wao ndio wenye haki ya kupita, hata wakitokea kichochoroni. Na anayeendesha asinywe. Sheria ya Ufaransa inaishia gramu 0.5 za kilevi kwa lita ya damu, na ukionja mvinyo kwa wakulima watatu wa zabibu hujui tena umefika wapi. Kuna vyombo vya kutemea, na hakuna anayekushangaa ukitema. Mimi niliyeshika usukani nilinunua juisi ya zabibu. Mwenzangu akaonja mvinyo mweupe: Riesling, kavu na chachu kidogo, kisha Gewurztraminer inayonukia kama waridi.

Riquewihr tulipita haraka, tukatazama mnara wa lango uitwao Dolder, wa 1291, tukala mapema, tukaondoka.

Ngome ndiyo iliyonikaa moyoni. Alsace ilikuwa chini ya Ujerumani tangu 1871 hadi 1918, na Kaisari Wilhelm wa Pili aliijenga upya ngome hiyo iliyokuwa magofu, kuanzia 1900 hadi 1908. Mimi ni mtu wa Songea. Mafundi walipokuwa wakipandisha mawe kilele kile, kwetu vita vya Maji Maji vilikuwa vinawaka, na mwaka 1906 Nduna Songea Mbano akanyongwa na serikali ya Kaisari huyohuyo. Nilimsimulia mke wangu hayo tukiwa juu ukutani, mashamba ya mizabibu yametandaa chini yetu hadi uwanda wa mto Rhine.

Itengee ngome muda wa saa mbili nzima, na angalia kwanza saa za kufunga, kwani majira ya baridi hufunga mapema.