Akili ni moja, ni mbili au ni nane? Jibu kwa mzazi aliyepokea ripoti ya kipimo

SWALI: Binti yangu ana miaka 11. Alipimwa na mwanasaikolojia, na ripoti inasema alama yake ya jumla ni 91. Chini ya jumla hiyo kuna alama nyingine tano: ufahamu wa maneno 108, kutambua maumbo 94, kufikiri jambo geni 91, kushika mambo kichwani 85 na kasi ya kazi 75. Mwalimu wake haikubali ripoti hiyo. Anasema akili ni za aina nane, kwamba binti yangu ana akili ya muziki, na kwamba afundishwe hesabu kwa nyimbo. Ndugu yangu naye anasisitiza kuwa kinachomfikisha mtu mbali ni akili ya hisia. Je, akili ni moja au ni nyingi, na nimwamini nani?

JIBU: Mzazi mpendwa, watu hao watatu hawajibu swali moja, na ndiyo maana majibu yao yanaonekana kugongana. Kuna aina za akili zilizopatikana kwa kuchambua alama za maelfu ya watu na kutazama ni zipi zinazopanda na kushuka pamoja, na kuna nyingine zilizopendekezwa na mtaalamu aliyetaka kupanua orodha ya vipawa vinavyostahili kuitwa akili. Kabla ya kuiamini orodha yoyote, inafaa kuuliza imepatikanaje na ilikusudiwa kufanya kazi gani, kwa sababu orodha inayofaa kwa kazi moja inaweza kumdhuru mtoto ikitumiwa kwa kazi nyingine.

Nianze na ripoti uliyo nayo mkononi. Kipimo cha kwanza cha akili kilichotumika kwa vitendo kilitungwa mjini Paris mwaka 1905 na Alfred Binet pamoja na Théodore Simon. Kilikuwa na majaribio 30, kuanzia mepesi hadi magumu, na lengo lake lilikuwa kuwatambua watoto waliohitaji msaada maalumu wa masomo. Binet alikataa katakata wazo kwamba alama hiyo ni kiasi cha akili ambacho mtoto amezaliwa nacho na atakufa nacho. Baadaye, mwaka 1912, William Stern alipendekeza umri wa kiakili wa mtoto, yaani umri wa watoto ambao kwa kawaida hufanya vizuri kama yeye, ugawanywe kwa umri wake halisi, na mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyelitoa upya toleo la Kimarekani la kipimo cha Binet, akazidisha jibu hilo kwa 100. Hesabu hiyo ya kugawanya haitumiki tena. Tangu David Wechsler alipotoa kipimo chake mwaka 1939, mtu hulinganishwa na watu wa umri wake: wastani huwekwa kuwa 100, na takriban theluthi mbili ya watu huangukia kati ya 85 na 115.

Kwa majina ya sehemu zake, kipimo alichofanyiwa binti yako kinaelekea kuwa cha ukoo huo wa Wechsler. Alama 91 maana yake ni kwamba, katika watoto 100 wa umri wake, takriban 27 wangepata chini ya hapo. Aidha, kila alama ya namna hii huwa na ukingo wa makosa, ambao kwa alama ya jumla ni kama pointi tano au sita kila upande. Ripoti nzuri huutaja ukingo huo waziwazi. Kama yako haijautaja, una haki ya kuuomba.

Sasa, je, akili ni moja? Mwaka 1904 Charles Spearman, Mwingereza, aligundua jambo ambalo limerudiwa mara nyingi tangu wakati huo bila kutoweka: watu wanaofanya vizuri katika jaribio moja la akili huelekea kufanya vizuri katika majaribio mengine pia, hata kama majaribio hayo yanaonekana hayahusiani, kwa mfano maana za maneno na kukamilisha michoro. Alihitimisha kwamba nyuma ya majaribio yote kuna uwezo wa jumla. Louis Thurstone alipochambua data zake kwa njia tofauti akapata, mwaka 1938, uwezo saba wa msingi badala ya mmoja. Raymond Cattell, na baadaye mwanafunzi wake John Horn, walitenganisha mambo mawili makubwa: uwezo wa kufikiri jambo ambalo mtu hajawahi kufundishwa, na maarifa yaliyojengeka kwa kusoma na kuishi. Mgawanyo huu naupenda kwa sababu umri wenyewe unauthibitisha. Ule wa kwanza huanza kupungua polepole tangu utu uzima wa mapema, ilhali msamiati na maarifa huendelea kukua kwa miaka mingi baadaye.

Aliyesogeza mbele ugomvi huu ni John Carroll, ambaye mwaka 1993 alichapisha uchambuzi mpya wa makusanyo ya data zaidi ya 460. Picha aliyoipata ina tabaka tatu: chini kabisa kuna stadi nyingi finyu, katikati kuna uwezo mpana usiofika kumi, na juu yake kuna ule uwezo wa jumla wa Spearman. Kwa hiyo anayesema akili ni moja na anayesema ni nyingi wote wanaweza kuwa wanasema kweli, ila kila mmoja anatazama tabaka lake. Alama tano za binti yako zinatoka tabaka la katikati, na ile 91 inakisia tabaka la juu.

Mwalimu anazungumzia kitu kingine. Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitangaza nadharia ya akili nyingi mwaka 1983, akitaja akili saba: ya lugha, ya mantiki na hesabu, ya muziki, ya mwili, ya nafasi na maumbo, ya kuwaelewa wengine na ya kujielewa mwenyewe. Ya nane, ya kutambua viumbe na mambo ya asili, aliiongeza baadaye. Hakuanza na alama za vipimo. Alitumia vigezo vyake mwenyewe, na kimojawapo ni kama jeraha la ubongo linaweza kuharibu uwezo mmoja na kuuacha mwingine. Mfano unaotajwa sana ni wa mtunzi wa muziki wa Urusi, Vissarion Shebalin, ambaye baada ya kupata kiharusi alipoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kusema na kuelewa lugha, lakini akaendelea kutunga, hata akamaliza simfoni yake ya tano kabla ya kufariki mwaka 1963. Mfano huo ni wa kweli na una uzito: unaonyesha kwamba muziki na lugha havikai mahali pamoja kabisa katika ubongo.

Hata hivyo, hauthibitishi kwamba akili nane zinajitegemea kwa watu wa kawaida. Zinapopimwa, zile zilizo karibu na masomo, kama lugha, hesabu na maumbo, huenda pamoja kama Spearman alivyoonyesha, na zile za mwili na muziki hujitenga kiasi. Kwa maoni yangu, Gardner alifanya jambo jema kuwakumbusha walimu kwamba mtoto si alama za hesabu na kusoma peke yake, lakini orodha yake ni mpango wa vipawa, si matokeo ya upimaji, na haiwezi kuchukua nafasi ya ripoti yako.

Kuhusu hesabu kwa nyimbo, naomba niseme kwa msisitizo, kwa kuwa hapa ndipo watoto wanapopoteza muda. Gardner mwenyewe amekanusha kwamba nadharia yake inahusu mitindo ya kujifunza, yaani wazo kwamba kila mtoto ana njia yake ya kufundishwa. Na mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani walipopitia tafiti zilizokuwapo, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtoto hujifunza zaidi akifundishwa kwa mtindo unaodaiwa kuwa wake. Kama binti yako anapenda muziki, apewe muziki kwa ajili ya muziki wenyewe. Desimali zifundishwe kwa njia inayozieleza vizuri desimali.

Mwalimu yuko sahihi, hata hivyo, katika jambo moja kubwa: chumba cha kupimia si dunia nzima. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1985, watafiti walikwenda mitaani Recife, Brazili, kununua vitu kwa watoto waliokuwa wakifanya biashara ndogondogo. Mtoto mmoja wa miaka 12 aliulizwa bei ya nazi kumi, kila moja ikiwa cruzeiro 35 (fedha ya Brazili ya wakati huo). Alihesabu kwa sauti: tatu ni 105, tatu nyingine 210, bado nne, 315, kisha akafika 350. Hakuongeza sifuri kama shule inavyofundisha, bali alipanda kwa mafungu ya nazi tatu ambayo bila shaka alikuwa ameyazoea. Katika maswali ya biashara watoto hao walipata asilimia 98. Hesabu za aina hiyohiyo zilipoandikwa kama tarakimu tupu, walipata asilimia 37. Mwanasaikolojia Robert Sternberg, aliyegawanya akili katika ya uchambuzi, ya ubunifu na ya vitendo, amejenga hoja yake juu ya tofauti za namna hii.

Akili ya hisia nitaipitia kwa ufupi. Wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer waliieleza mwaka 1990 kuwa uwezo wa kutambua, kuelewa na kuongoza hisia zako na za wengine. Inapopimwa kwa maswali yenye jibu bora na jibu duni, inaonekana kuwa uwezo wa kweli wenye uhusiano wa wastani na akili ya maneno. Inapopimwa kwa dodoso la kujitathmini, kinachopatikana kwa kiasi kikubwa ni haiba ya mtu. Madai kwamba inazidi akili nyingine zote katika kuleta mafanikio yamevuka mpaka wa ushahidi.

Turudi kwa binti yako. Tofauti kati ya 108 na 75 ni pointi 33, na ni kubwa kiasi kwamba ile 91 inaficha zaidi ya inavyoeleza. Bado inasaidia kukisia maendeleo ya masomo, lakini anayeisoma peke yake atamwona mtoto wa wastani wa chini, wakati ukweli ni kwamba yupo mtoto anayeelewa maneno kuliko wenzake 70 katika 100, na ambaye kazi ya haraka ya penseli inamlemea. Mwombe mwanasaikolojia akuonyeshe alama za majaribio yaliyounda ile 75. Kwa kawaida moja humtaka mtoto anakili ishara ndogo zilizooanishwa na tarakimu kwa dakika 2, na jingine humtaka atafute ishara fulani kati ya nyingine bila kuandika sana. Kama la kwanza liko chini na la pili liko sawa, tazameni mkono na uandishi. Kama yote mawili yako chini, macho yapimwe, na umakini wake darasani ufuatiliwe kwa muda. Uliza pia alipimwa kwa lugha gani, na kama lugha hiyo ndiyo anayoitumia kwa wepesi zaidi, na kama kipimo kililinganishwa na watoto wa mazingira kama yake.

Wakati majibu hayo yakisubiriwa, shule inaweza kumwongezea muda katika mitihani na kumpunguzia kazi ya kunakili ubaoni, kwa kuwa hatua hizo hazihitaji uchunguzi mwingine. Kipimo kilekile kisirudiwe kabla ya mwaka mmoja kupita, kwa sababu mtoto anayeyakumbuka maswali hupanda alama bila uwezo wake kubadilika.