Roboti ya kubeba asidi: anzeni na umeme kukatika

Ukianzisha klabu ya roboti shuleni, wanafunzi watataka kitu kinachotembea, kinachowaka taa na ikiwezekana kiseme. Waache wafurahi. Ila kama mmejipa kazi ya kuunda roboti ya kushika kemikali hatari, ushauri wangu, baada ya kukaa na vijana wa kidato cha tatu hapa Tanga, ni huu: kabla ya kuuliza mkono wa roboti utabebaje, ulizeni umeme ukikatika mkono huo utafanya nini.

Swali hilo kwetu halihitaji maelezo. Mikono mingi ya mafunzo hubana kwa nguvu ya mota. Umeme ukienda mota inalegea, na chupa inakwenda chini. Basi geuzeni kazi: mpira ndio ubane, mota ifungue tu. Vipande vya tyubu kuukuu za baiskeli vinatosha, na mji huu hauna shida ya baiskeli. Mwombeni fundi baiskeli yeyote wa mtaa wa Ngamiani. Kisha, roboti ikiwa imebeba, mwanafunzi mmoja achomoe waya bila kuaga. Mkono ukiachia, hakuna kuendelea na programu hadi urekebishwe.

La pili ni uzito, na hapa ndipo hesabu ya darasani inapopata kazi. Ile mota ndogo ya sevo (mota inayogeuka hadi pembe unayoiagiza), aina ya SG90, ina nguvu ya takriban kilo 1.8 kwa umbali wa sentimita 1. Mkono ukiwa na urefu wa sentimita 10, inabaki gramu 180, na hapo hujatoa uzito wa mkono wenyewe. Mililita 100 za maji ni gramu 100, zinanyanyuka. Kijana mmoja aliniuliza, "Ticha, si asidi nayo ni kama maji tu?" Nikamwambia akokotoe: asidi ya salfuriki kali ina uzito wa gramu 1.84 kwa kila mililita, kwa hiyo kichupa kilekile ni gramu 184 bila kuhesabu chupa. Mota imeshindwa. Tangu hapo tunafanya mazoezi na vichupa viwili: kimoja cha mchanga mbichi uliopimwa kwenye mizani kwa ajili ya uzito, kingine cha maji, maana mchanga hauchezi chupani na kimiminika kinacheza.

Asidi yenyewe haiingii kwenye klabu, hata ile ya betri ya gari. Kemikali za viwandani zina sheria yake, ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na klabu ya shule si mahali pa kuijaribu. Tumieni maji mekundu ya choya (rosela) juu ya shuka jeupe. Kila tone linajiandika lenyewe, na mkiloweka shuka kwenye maji ya magadi kabla, doa jekundu linabadilika rangi kuelekea kijani au buluu. Somo la asidi na besi limepita humohumo.

Vidole vya mkono msivitengeneze kwa alumini kwa sababu tu inang'aa. Kostiki soda ya watengeneza sabuni huila alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Kateni dumu kuukuu lenye namba 2 ndani ya pembetatu. Plastiki hiyo huvumilia kostiki na asidi ya betri pia.

Kama hamna fedha za mota, msisubiri. Mabomba mawili ya sindano mapya yasiyo na ncha, mrija mwembamba wa kuyaunganisha na maji vinatosha kuendesha mkono ukiwa umesimama mbali: ukisukuma bomba moja, jingine linasogea. Toeni hewa yote, kiputo kikibaki mkono unayumba. Mhandisi Raymond Goertz naye, alipounda mikono ya kushikia vitu vyenye mionzi kule maabara ya Argonne, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940, alianza na mikono iliyofuata tu mwendo wa mikono ya mtu aliyejikinga nyuma ya ukuta.

Jambo dogo la mwisho: katika kila kikundi mmoja asiguse rimoti. Kazi yake ni kutazama na kuandika tone limedondokea wapi. Vijana huikimbia nafasi hiyo, kwa hiyo izungusheni. Mimi humpa mara nyingi yule bingwa wa programu, ajionee mkono wa roboti aliouprogramu unavyotetemeka.