Mifuko 15 ya saruji haionekani: nianze na barua au mazungumzo?

SWALI: Ninasimamia ghala la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam. Tulipohesabu saruji mwisho wa mwezi, leja ilionyesha mifuko 412 lakini tulikuta 397. Mtunza stoo amenizidi umri kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila asubuhi namwamkia shikamoo. Madereva wananong'ona kwamba anauza. Meneja anataka nimwandikie barua ya kujieleza leo hii. Nifanyeje ili nisimvunjie heshima mzee huyu, na wakati huohuo nisionekane namkingia kifua?

JIBU: Kabla ya kuamua lolote, chukua karatasi uipige mstari katikati. Upande mmoja andika yale tu unayoweza kumwonyesha mtu mwingine kwa kidole, na upande wa pili yale unayoyadhani. Kwa maelezo yako, upande wa kwanza una mambo mawili: leja inasema 412, na hesabu ya ghalani imetoa 397. Neno "anauza" liko upande wa pili, kwa sababu ulichokishuhudia ni madereva kusema, si mifuko kuuzwa.

Upungufu huo unaweza kuwa wizi. Unaweza pia kuwa mifuko iliyopasuka wakati wa kushusha bila kuandikwa, mzigo uliopokelewa kwa idadi ya kwenye hati ya dereva badala ya idadi iliyoshushwa, au hesabu iliyofanyika huku lori likipakiwa. Kila dhana huacha alama yake. Kama kosa lilitokea kwenye mapokezi, tofauti itaanzia tarehe moja na mzigo mmoja. Kama mifuko ilitoka jioni ikaandikwa kesho yake, leja na hati za kutolea mizigo zitapishana kwa siku. Kwa hiyo hesabuni upya, yeye mwenyewe akiwepo, ghala likiwa limefungwa, kisha mrudi nyuma hati kwa hati. Tafuta kwanza kile ambacho kingeiangusha dhana yako, kwani cha kuithibitisha utakiona hata bila kukitafuta.

Miaka mingi iliyopita niliandika barua ya namna hiyo kwa haraka kuhusu marumaru zilizopungua, na hati iliyokosekana ikapatikana baada ya siku tatu katika faili jingine. Nilimwomba radhi mhusika, naye akapokea; lakini tangu siku hiyo hakuwahi kuniambia jambo ambalo sikumuuliza.

Mkishahesabu, zungumza naye faraghani, mkiwa mmeketi na leja ikiwa mezani. Mwamkie kama kawaida yako, kisha ingia kwenye suala bila kuzunguka mbuyu: "Mzee, leja inasema 412, tumehesabu pamoja tukapata 397. Naomba unisaidie kuelewa ilikuwaje." Chunga neno "mbona", kwa sababu "mbona mifuko haipo?" tayari ni lawama, na aliyelaumiwa hujitetea badala ya kusimulia. Usiseme pia "watu wanasema", maana ataacha leja aanze kuwatafuta hao watu. Ukishauliza, nyamaza. Vijana wengi wanaowasimamia wakubwa wao hushindwa hapo: kimya kikizidi kidogo, wanaona haya na kumjibia mzee swali walilomuuliza wenyewe.

Kuhusu meneja, mweleze kwamba hukatai barua, bali unaomba siku moja au mbili ili barua, ikihitajika, iwe na tarehe, idadi na namba za hati. Hoja hii ina uzito wa kisheria. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alimwachisha mtu kazi kwa sababu halali na kwa utaratibu wa haki. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka uchunguzi utangulie kikao cha nidhamu, na mfanyakazi apewe muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida haupungui saa 48, pamoja na haki ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, minong'ono ya madereva haitakufikisha mbali.

Sasa, ikiwa katika mazungumzo hayo atakiri, usijadiliane naye malipo wala kumwahidi msamaha, hata akikuomba kwa machozi. Mwambie kwa upole kwamba jambo limevuka kikao chenu na litapitia utaratibu wa nidhamu. Akitoa maelezo mengine, yaandike kama alivyoyasema, mkayalinganishe na hati siku hiyohiyo. Vyovyote itakavyokuwa, andika muhtasari wa kikao kabla hujatoka kazini, mpe ausome, arekebishe anapoona hukumwelewa, kisha nyote wawili mtie saini na kila mmoja abaki na nakala yake.