Saa imeandika kalori 600 baada ya kupiga chuma: usizile

Mkuu, umeuliza hivi: unapiga chuma siku nne kwa wiki, saa yako ya mkononi inakuandikia kalori 600 na ushee kila ukimaliza, jioni unaongeza chakula cha kiasi hicho hicho, na miezi miwili imekatika kitambi kiko palepale. Unataka kujua kama saa inadanganya, na kama ipo hesabu ya kuaminika. Njia hiyo nimeipita mwenyewe, kwa hiyo niwie radhi kwa urefu wa jibu.

Kwanza kabisa, acha kuzila hizo 600. Anza leo.

Mwaka 2021 nilikuwa na kilo 84. Nilinunua saa, nikaiamini. Dakika 70 za chuma iliniandikia 610, nami nikitoka jimu napitia kwa muuza chipsi, sahani ya chipsi mayai na mishikaki miwili, roho safi, maana nilijua nimeshailipia. Baada ya wiki sita mizani ikasoma 86. Niliumia sana, kwa sababu sikuwa nimekosa hata siku moja.

Jioni moja nikafanya jambo dogo lililonifungua macho. Nilichukua simu, nikawa nahesabu muda kila ninaposhika chuma na kusimamisha kila ninapokiweka. Katika zile dakika 70, chuma kilikuwa mikononi mwangu dakika 16 tu. Zilizobaki nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nabadilisha pleti, namsubiri mwenzangu amalize seti yake. Na hapo hapo nikawa naangalia mapigo ya moyo. Baada ya kuchuchumaa na chuma mara 10 yalikuwa 151. Dakika moja baadaye, nimekaa kimya kabisa, bado yalikuwa 128. Saa ikawa inayahesabu yale mapigo kama vile nakimbia kupanda mlima.

Tatizo liko hapo. Ukikimbia, mapigo ya moyo na hewa ya oksijeni unayotumia hupanda pamoja, kwa hiyo saa inaweza kukisia nishati kwa kuangalia mapigo. Ukinyanyua kitu kizito, misuli inajikaza na kubana mishipa ya damu, unabana pumzi, shinikizo la damu linapanda, moyo unadunda kwa nguvu. Lakini oksijeni inayotumika haijapanda kwa kiwango hicho. Saa haiwezi kutofautisha hali hizi mbili. Tena ukikaza kiganja kwenye chuma, kile kitaa cha chini ya saa kinapata shida hata kuyasoma mapigo yenyewe.

Na hata kwenye kutembea na kukimbia, ambako ni rahisi zaidi, hali si nzuri. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu saa na bangili 7 kwa watu 60. Mapigo ya moyo nyingi zilisoma vizuri. Kalori hakuna iliyopatia: iliyokuwa bora kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Hapo hakuna aliyegusa chuma.

Sasa tuhesabu wenyewe. Chukua kusukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi, kilo 60, kinapanda kama sentimita 40. Kukiinua mara moja ni kazi ya jouli 235 hivi (jouli ni kipimo cha nishati). Seti 4 za mara 10 zinafika jouli 9,400. Kalori moja ya chakula ni jouli 4,184, kwa hiyo kazi yote ile ni kalori 2 na robo. Misuli hugeuza kuwa kazi sehemu moja kati ya nne au tano ya nishati inayotumia, nyingine inatoka kama joto, ndiyo maana unaloa jasho. Zidisha basi mara 4 au 5: kalori 9 hadi 11. Ongeza kukishusha chuma taratibu, kukishikilia, kuhema kati ya seti, moyo kufanya kazi ya ziada. Namba itapanda, tena vizuri tu, lakini jiulize zoezi hilo lingerudiwa mara ngapi mpaka ufikie 600.

Hesabu inayotumika zaidi ni ya meti. Meti 1 ni matumizi ya mwili ukiwa umekaa umetulia, takriban kalori 1 kwa kila kilo ya uzito wako kwa muda wa saa moja. Kwenye jedwali la watafiti la mwaka 2011, mazoezi ya kawaida ya vyuma, mara 8 hadi 15 kwa seti, yamepewa meti 3.5, kuchuchumaa na chuma meti 5, kunyanyua kwa nguvu kubwa meti 6. Kwangu mimi wa kilo 84, dakika 70 kwa meti 3.5 ni kalori 343. Kisha toa kitu ambacho wengi hawakitoi: kalori 98 ambazo ningezitumia hata kama ningekaa sebuleni muda ule ule. Inabaki 245. Nikitumia meti 5 inabaki 392. Mimi huchukua ile ndogo. Wanaosema mwili unaendelea kuchoma sana siku nzima baada ya chuma wanatia chumvi. Nyongeza ipo, ila ni ndogo.

Kuna jambo lingine lililonishangaza, na limetoka hapa hapa kwetu Tanzania. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, watu wanaotembea mwendo mrefu kila siku kutafuta asali, mizizi na nyama. Ilipozingatiwa ukubwa wa miili, jumla ya kalori walizotumia kwa siku haikuzidi ile ya watu wa Marekani na Ulaya. Mwili una namna yake ya kubana matumizi kwingine unapofanya kazi nyingi. Kwa hiyo hata 245 zangu haziongezeki zote kwenye jumla ya siku.

Basi nikaacha kuuliza zoezi limechoma ngapi. Nikaanza kuuliza mwili wangu wote unatumia ngapi kwa siku, na swali hilo mizani inalijibu. Nilijipima kila asubuhi baada ya kutoka msalani, kabla ya chai, nikaandika kwenye daftari, kisha nikatafuta wastani wa kila wiki. Namba ya siku moja usiijali, chumvi ya jana tu inaweza kukuongezea kilo nzima ya maji. Na dada zetu, kwa sababu ya hedhi, walinganishe wiki za mwezi mmoja na zile zile za mwezi mwingine. Wastani wangu wa wiki ya kwanza ulikuwa 84.6, wa wiki ya nne 83.7. Nimepungua kilo 0.9 katika siku 21. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, kwa hiyo pengo kati ya nilichokula na nilichotumia lilikuwa kalori 330 kwa siku. Nilikuwa nakula wastani wa 2,450. Jumla yangu basi ni kama 2,780, na chuma chote kimo humo ndani, hakuna cha kuongeza juu.

Kazi ngumu ni kuandika chakula. Ugali wa nyumbani nilipima unga mkavu: gramu 500 ni kalori 1,800 hivi. Ulipoiva nikaupima tena, gramu 1,500. Kila gramu 100 za sahani yangu basi ni kalori 120. Mama watoto alishangaa siku mbili, siku ya tatu akawa ananisomea mizani mwenyewe. Mafuta usiyakadirie kwa macho. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120, na kwenye mchuzi wetu hakiingii kimoja. Hapo ndipo nilipokuta zile kalori nilizokuwa nazitafuta kwenye saa.

Ushauri wangu kwenye jimu: daftari liandike kilo, seti na mara ulizonyanyua. Ukiwa unapunguza chakula na kilo kwenye chuma hazishuki, misuli unaitunza, na hiyo ndiyo faida kubwa ya chuma wakati huu. Kula dagaa, mayai na maharage ya kutosha. Na kiuno kipime kila wiki kwa utepe wa fundi cherehani, usawa wa kitovu, maana anayeanza anaweza kujenga misuli huku mafuta yakipungua, mizani ikabaki palepale.

Fanya hivyo wiki nne bila kubadilisha mazoezi, kisha weka hapa wastani wa uzito wa kila wiki na wastani wa ulichokula. Nitakaa na wewe tuzipigie hesabu.