Hilo joto la usiku sio malaria dada

Dada unayesema una miaka 48, usiku unaamka shuka limelowa jasho, hedhi inaruka miezi miwili mitatu halafu hasira za ghafla hadi watoto wanakukwepa, na unajiuliza kama ni malaria au umerogwa, pole sana, na hapana hujarogwa. Hiyo ni safari ya kukoma hedhi, kwa wengi inakuja kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni inashuka lakini haishuki kwa mpangilio, leo juu kesho chini, ndo maana na mudi nayo inayumba. Mimi nilimeza dawa za malaria mara mbili bila kupima, ujinga wangu, kumbe joto linaanzia kifuani linapanda usoni dakika chache limeisha, malaria gani hiyo?

Kilichonisaidia ni kulala na kanga nyepesi, feni, na kupunguza pilipili na chai ya jioni. Tembea pia, mifupa nayo inapungua nguvu. Ukavu ukeni usione aibu kusema, vilainishi vipo famasi, na mzee mwambie asije akadhani umemchoka. Na angalia, hedhi kuruka sio kwamba mimba haiingii, usitupe kinga! Ikifika miezi 12 mfululizo bila hedhi ndo inahesabika imekoma, damu ikirudi baada ya hapo hata tone nenda hospitali usisubiri. Huzuni isiyokuachia wiki mbili tatu nayo ni ya daktari, muulize na tiba ya homoni maana sio kila mtu inamfaa. Na hiyo mizizi ya kuchemsha unayosema jirani kakuletea, mi ningeiacha kwanza.