Ukitaka kukua haraka, usilime mpaka mtoni

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Kaka, nimepata mkopo, nataka kupanua shamba hadi mtoni. Nianzie wapi?" Nilisoma ujumbe wake mara tatu. Maneno hayohayo niliwahi kuyasema mimi, panga mkononi.

Shamba langu linateremka kuelekea mto mdogo. Kati ya mahindi na maji palikuwa na ukanda wa miti na matete, hatua thelathini hivi. Kaka yangu alinionya. Nikamjibu mbele za watu kwamba miti haijengi nyumba. Nikafyeka, nikang'oa visiki, nikalima mpaka ukingoni. Misimu mitatu mfululizo nilivuna kuliko majirani wote, nikaezeka nyumba, watu wakaanza kuja kuniomba ushauri. Nilijivuna, sifichi.

Msimu wa nne mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nilikuta korongo linanifika kiunoni, mizizi ya mahindi inaning'inia hewani. Mbolea ya kukuzia niliyoiweka siku mbili nyuma ilikuwa imekwenda na maji. Baada ya wiki chache, bwawa la huko chini, ambako mama mmoja hunywesha mifugo yake, likafunikwa na utando wa kijani. Nitrojeni na fosforasi, virutubisho vinavyobebwa na mbolea na udongo, hulisha mwani (ndio ule utando wa kijani) kama zinavyolisha mahindi. Mwani ukifa na kuoza, oksijeni majini inakwisha na samaki wanakufa. Mama yule hakunitukana. Aliacha tu kuitikia salamu yangu. Mpaka leo linaniuma.

Wapo wanaosema tutajirike kwanza, mazingira tutayashughulikia baadaye. Hoja hiyo ina msingi: mwaka 1991 wachumi Gene Grossman na Alan Krueger walionyesha kwamba baadhi ya uchafuzi wa hewa mijini hupungua kipato cha nchi kikipanda vya kutosha. Lakini moshi ukikoma, upepo unausafisha. Udongo wa juu hauna upepo wa kuurudisha. Sentimita moja tu huchukua miaka mia na zaidi kujijenga. Tazama Bahari ya Aral huko Asia ya Kati, ambayo kwa kweli ni ziwa. Mwaka 1960 ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani. Maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya yakaelekezwa kwenye mashamba ya pamba, pamba ikastawi, na meli za wavuvi zikabaki zimekaa juu ya mchanga. Costa Rica, nchi ndogo ya Amerika ya Kati, nayo haikusubiri utajiri. Tangu sheria yake ya misitu ya mwaka 1996, inawalipa wenye ardhi wanaotunza msitu, na misitu iliyokuwa ikiteketea imerudi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, acha ule ukanda. Lima kwa kukinga mteremko, usifuate maji yanakoteremkia. Mbolea igawe mara mbili au tatu, na usiiweke wingu likiwa limetanda. Pima udongo kabla ya kununua, maana urea ya kila msimu huongeza tindikali, na mahindi hudumaa hata ukimwaga gunia zima. Na ukanda, narudia, uache! Tukihesabu magunia bila kuhesabu udongo ulioondoka nayo, tunauza shamba kidogokidogo huku tukijiita wenye maendeleo. Benki haitakuuliza habari za korongo. Mtoto wako atakuuliza.

Mimi nimepanda matete upya. Hadi sasa yameshika hatua kumi na mbili tu, na miti bado inanifika magotini. Mwezi uliopita, siku mbili baada ya mvua kubwa, maji mtoni yalikuwa yameshaanza kung'aa. Nikashuka hadi bwawani kumweleza yule mama. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema ataamini siku atakayoona samaki.